Kimara hadi Kivukoni kwa mwendokasi: barabara ipo, kinachokosekana ni mabasi

Kwa wakazi wengi wa Dar es Salaam, ukitaja mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, umetaja Kimara–Kivukoni. Njia hii ilianza kubeba abiria Mei 2016, ikazinduliwa rasmi na Rais John Magufuli Januari 2017, na kwa ajili yake jiji likatunukiwa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Awamu ya kwanza nzima ina kilomita 20.9: shina linalofuata Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kivukoni, tawi la Barabara ya Kawawa linaloishia kituo cha Morocco, na tawi fupi la Mtaa wa Msimbazi linaloishia Gerezani, Kariakoo. Hapa tunaipima njia ya shina, maana ndiko abiria wengi waliko.

Barabara yenyewe tunaipa alama za juu bila kusita. Huduma inayopita juu yake ni suala la saa. Saa 5 asubuhi unapata siti, unafika Kivukoni kwa dakika 45 hadi 50, na unajiuliza watu wanalalamikia nini. Saa 1 asubuhi jibu unalipata kabla hujafika getini.

Tuanze na barabara, maana ndiyo inayoeleza kwa nini abiria bado wanavumilia. Njia za mwendokasi ziko katikati, zimetengwa na magari mengine, na zimemwagwa zege badala ya lami. Mantiki yake ni hii: basi refu la mita 18 lililojaa likifunga breki mahali palepale mara mamia kwa siku, lami ya kawaida hubonyea na kutengeneza mawimbi, hasa kwenye joto la Dar. Zege linastahimili. Kwenye vituo vingi vya Barabara ya Morogoro kuna njia ya pili ya kupitia, kwa hiyo basi la ekspresi halizuiwi na basi linaloshusha. Ukilinganisha na foleni ya magari pembeni kutoka Ubungo hadi Magomeni, tofauti unaiona kwa macho.

Vituo vimejengwa kati ya njia mbili, kituo kimoja kikihudumia pande zote. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, milango ya kituoni iko upande wa kulia wa basi. Jambo hili dogo huwapoteza wageni: ukiwa ndani ya kituo, upande mmoja ni wa kwenda mjini na mwingine ni wa kwenda Kimara, na hakuna ukuta unaowatenganisha. Soma bango la mbele ya basi kabla ya kuingia, usifuate tu watu wanaokimbia. Sakafu ya jukwaa na sakafu ya basi ziko usawa mmoja, hakuna ngazi ya kupanda, na hilo limewasaidia wazee, wajawazito na wenye viti vya magurudumu kuliko daladala yoyote iliyowahi kupita barabara hii. Kasoro iko kwenye mwanya. Dereva akisimama mbali kidogo na jukwaa, linabaki pengo linaloweza kumeza mguu wa mtoto. Mshike mtoto mkono, mvushe yeye kwanza, na usiangalie simu wakati unavuka.

Tiketi inanunuliwa dirishani nje ya geti, au unagusisha kadi yenye salio. Nauli ya shina ilianza na shilingi 650 mwaka 2016, baadaye ikapandishwa hadi 750, na mwanafunzi akawekewa 200. Kiwango kinachotumika siku hiyo uliza dirishani kabla ya kutoa hela. Nauli ni moja iwe unashuka kituo kinachofuata au mwisho wa njia. Kwa hiyo kwa mtu wa Kimara anayekwenda Posta, hii ni bei nzuri sana. Kwa mtu wa kituo cha Kagera anayekwenda kituo cha Magomeni Mapipa, ni bei kubwa kwa mwendo ambao angeweza kuutembea. Beba hela kamili. Noti ya 10,000 asubuhi na mapema inakuchelewesha wewe na watu thelathini walio nyuma yako, kwa sababu karani hana chenji na dirisha lingine huenda limefungwa. Tiketi ya karatasi itunze mpaka ukaguliwe. Anayepanda kila siku anufaike na kadi: haimuondolei msongamano wa ndani, lakini inamuondolea foleni ya kwanza, ambayo saa mbaya inaweza kuwa ndefu kuliko safari yenyewe hadi Ubungo.

Sasa msongamano. Mpango wa awamu ya kwanza ulihesabu kwamba huduma kamili inahitaji mabasi 305. Ilianza na mabasi 140 ya Golden Dragon kutoka China, 39 yakiwa marefu ya mita 18 yenye kiungio katikati na 101 ya mita 12. Baadaye yakaongezwa 70, jumla 210. Toa yaliyo gereji, toa yaliyoharibiwa na mafuriko, toa yaliyochakaa kwa kubeba kupita kiasi, utaelewa kwa nini jukwaa linajaa. Mwendo wa basi barabarani hauna shida. Shida ni dakika zinazopita kati ya basi na basi. Mabasi yakija kila baada ya dakika 3, umati huondoka kadiri unavyofika. Pengo likifika dakika 15 au 20, kituo kinajaa, basi linalofika linasimama muda mrefu kwa sababu watu wamebanana mlangoni, linachelewa zaidi, na la nyuma yake linalifikia. Ndiyo maana unasubiri nusu saa halafu yanakuja matatu yamefuatana, la kwanza limejaa hadi mlango haufungi na la tatu lina nafasi za kusimama. Ukiona la kwanza limefurika, tazama nyuma yake barabarani kabla ya kujitosa. Mara nyingi subira ya dakika 2 inalipa.

Saa ngumu za kwenda mjini ni kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3. Za kurudi ni kuanzia saa 10 jioni hadi saa 2 usiku, na Ijumaa huanza mapema kidogo. Anayeweza kuwahi saa 11 na nusu alfajiri anasafiri kama binadamu. Anayeweza kuchelewa hadi saa 3 na nusu naye hivyohivyo.

Wasiokuwa na hiari ya saa wamejitengenezea mbinu, na inafanya kazi: kugeuza. Abiria wa vituo vya Korogwe, Bucha au Baruti, vinavyofuata baada ya Kimara, akisubiri basi la mjini asubuhi, linamfikia limeshajaa tangu Kimara. Badala yake anapanda linalorudi Kimara, anashuka ndani ya kituo bila kutoka getini, anapanga mstari na wa Kimara, anaondoka amekaa. Anapoteza dakika 15 hadi 25, anapata siti ya karibu saa nzima, bila kulipa mara mbili kwa kuwa hajatoka. Jioni mambo ni yaleyale upande wa pili: wa Kisutu na Posta ya Zamani wanapanda kwanza kwenda Kivukoni, kisha wanarudi nalo. Kwa mtu mmoja hii ni akili. Kwa njia nzima ni dalili ya ugonjwa, maana basi linalotakiwa kurudi tupu na haraka linarudi limejaa watu wanaokwenda kinyume na waendako, na wa vituo vya katikati, Shekilango, Urafiki, Manzese, Argentina, wanabaki kushuhudia mabasi yakiwapita. Hao ndio wanaoumia kuliko wote kwenye njia hii, na hatujaona utaratibu wa kudumu wa kuwatengea mabasi yanayoanzia Ubungo au Manzese yakiwa matupu saa za asubuhi. Lingekuwa jambo la kwanza kurekebisha.

Ndani ya basi refu, jipange kulingana na unakoshuka. Unayekwenda mwisho, ingia hadi sehemu ya kiungio au kushoto, mbali na milango. Sakafu ya kiungio ni sahani inayozunguka basi linapokata kona, kwa hiyo usiweke mguu mmoja ndani ya sahani na mwingine nje. Shika bomba na simama na miguu yote upande mmoja. Unayeshuka katikati, usikubali kusukumwa kule ndani. Anza kusogea mlangoni kituo kimoja kabla, ukiomba njia kwa sauti, maana dereva hakuoni na hakuna konda wa kumwambia "shusha". Begi la mgongoni livae kifuani. Simu iingie mfuko wa ndani, hasa pale mlangoni wakati wa kupanda, kwa sababu ndipo wezi wanapofanyia kazi: msukumano wenyewe ndio zana yao, na mkono ukiingia mfukoni hutautofautisha na kiwiko cha jirani. Madirisha yafunguliwe, hata kama aliyekaa anaogopa vumbi. Basi lililojaa bila hewa kati ya Manzese na Magomeni huwaangusha watu wazima wenye afya zao.

Bango la mbele linakwambia mambo mawili: mwisho wa safari, na kama ni ekspresi. Ekspresi inaruka vituo. Anayekwenda kituo cha Usalama akipanda ekspresi ya Kivukoni bila kuuliza, atakiona kituo chake kikipita dirishani. Uliza mfanyakazi wa kituoni, au dereva kabla mlango haujafungwa, basi linasimama wapi. Mabadiliko hufanyika siku yenyewe: basi lililoandikwa Kivukoni linaweza kugeuzwa kuwa la Gerezani, na tangazo likatolewa kwa mdomo tu mlangoni.

Kubadilisha njia bila kulipa tena kunawezekana ilimradi hujatoka getini. Mtu wa Kimara anayekwenda Morocco, basi la moja kwa moja likikosekana, apande la mjini ashuke Magomeni Mapipa, asubiri upande wa pili basi litokalo mjini kwenda Morocco. Anayekwenda Kariakoo na amepata basi la Kivukoni, ashuke Mapipa au Jangwani na kusubiri la Gerezani, kwa sababu baada ya kituo cha Fire njia zinaachana: moja inaingia Mtaa wa Msimbazi, nyingine inaendelea vituo vya DIT na Kisutu. Anayekwenda sokoni asingoje hadi Gerezani. Kituo cha Msimbazi Polisi ni karibu zaidi.

Kuhusu mahali pa kushuka kuna makosa yanayojirudia kila siku. La kwanza ni Ubungo. Mabasi ya mikoani hayapo tena pale. Yalihamia Kituo cha Magufuli, Mbezi Louis, mwaka 2021. Anayesafiri mkoani asishuke Ubungo kwa mazoea. Aende hadi Kimara, kisha achukue basi la mlisho (linalounganisha vitongoji na shina) la Mbezi, na ajipe saa moja ya akiba, kwa kuwa kipande cha kuanzia Kimara kwenda mbele basi linachanganyika na magari mengine. Ubungo bado ni ya maana kwa anayekwenda Mlimani City au Chuo Kikuu: vuka upate daladala za Barabara ya Sam Nujoma. La pili ni Hospitali ya Muhimbili. Shuka Fire, ufuate Barabara ya Umoja wa Mataifa kwa bajaji au bodaboda, mgonjwa asitembezwe. La tatu ni Posta. Kuna Posta ya Zamani, iliyo ufukweni, na kuna Posta Mpya ya juu kule. Mwendokasi unafika ya Zamani. Ukitaka Mpya, panda kwa miguu ukipita Sanamu ya Askari, dakika 10 hivi. Boti za Zanzibar nazo ziko karibu na Posta ya Zamani, upande wa Kanisa la Mtakatifu Yosefu, kwa hiyo ukifika Kivukoni umeshazipita. Kivukoni kwenyewe ni kwa wa pantoni ya Kigamboni na soko la samaki la Feri.

Mwenye mzigo afikirie mara mbili. Saa 6 mchana begi moja kubwa linapita. Saa 11 jioni kutoka Gerezani na furushi la Kariakoo, utawaumiza watu na watu watakuumiza. Tafuta bajaji au subiri hadi saa 3 usiku.

Kisha kuna Jangwani. Bonde la Mto Msimbazi linakatiza Barabara ya Morogoro kati ya Magomeni na Fire, na ndipo ilipojengwa karakana ya mabasi. Kila masika, na vuli zikikaza, maji yanapanda hadi barabara inafungwa. Mafuriko ya mwaka 2018 yaliingia karakanani na kuharibu mabasi. Kosa ni la tangu mwanzo: mto uliojaa mchanga na taka hauna pa kupitisha maji ya Pugu, Kisarawe na nusu ya jiji, na mahali pa chini kuliko pote ndipo palipochaguliwa kulaza mabasi. Mradi wa Bonde la Msimbazi umepanga kuihamisha karakana na kujenga daraja jipya la juu, na hadi hayo yakamilike, mvua kubwa ya usiku ina maana moja: asubuhi basi la Kimara litakwambia mwisho ni Magomeni.

Hilo likitokea usikae kituoni ukisubiri maji yashuke, kwani huchukua saa nyingi, na hata yakishuka inabaki tope ya kuondolewa. Kuna njia mbili za kuzunguka. Ya kwanza ni kupanda basi la Morocco, kwa kuwa tawi la Kawawa halipiti Jangwani, kisha uchukue daladala ya Posta inayopita Barabara ya Ali Hassan Mwinyi na Daraja la Salenda. Ya pili inawafaa wanaokwenda Kariakoo: shukia Ubungo, chukua daladala ya Barabara ya Mandela hadi Buguruni, kisha ingia na Barabara ya Uhuru. Zote zitakuwa na foleni siku hiyo, lakini unasogea. Usivuke maji ya Jangwani kwa miguu wala kubebwa mgongoni na vijana wanaotoza hela. Mifereji na mashimo yako chini ya maji na hayaonekani.

Tahadhari nyingine ni kuvuka kwenda kituoni. Kwa kuwa kituo kiko katikati, kila abiria lazima avuke njia za magari, na mara nyingine njia ya mwendokasi pia. Basi tupu linalorudi Kimara linakwenda kasi na halina mlio mkubwa kama daladala. Tazama pande zote mbili hata kama taa imekuruhusu, na tazama tena kwa ajili ya bodaboda, ambao huiba njia ya mwendokasi wakijua haina foleni. Pikipiki na magari yasiyoruhusiwa humo ndani ni sababu kubwa ya ajali na ya madereva kuogopa kukimbia inavyopaswa. Magari ya wagonjwa na zimamoto yana haki. Mengine hayana, hata yakiwa na namba za serikali.

Usiku huduma huendelea hadi saa 5 hivi, ila baada ya saa 3 mabasi hupungua sana na vituo vingine huwa na mwanga hafifu. Ukiwa Kivukoni saa 4 usiku, usiliache basi lililopo kwa kutegemea la baadaye lenye siti.

Kwa safari ndefu nje ya saa za msongamano, hakuna usafiri wa umma jijini unaoishinda njia hii kwa bei na muda. Kwa mfanyakazi wa kila siku anayeanzia Kimara, bado inafaa kuliko gari binafsi ukihesabu mafuta, maegesho na foleni, mradi ahamishe saa yake ya kuondoka au akubali kugeuza. Kwa anayeanzia Manzese au Magomeni asubuhi, hatuwezi kuipendekeza kwa dhati. Pengo la mabasi linamwangukia yeye. Mwaka 2025 yaliingia mabasi mapya yanayotumia gesi asilia kwa ajili ya awamu ya pili, kilomita 20.3 za kuelekea Mbagala, ambayo inakutana na hii Gerezani. Abiria wa Mbagala watakaoshuka hapo wakitaka kwenda Kimara watapanda mabasi yaleyale ya shina, kwa hiyo idadi ya mabasi ya Barabara ya Morogoro isihesabiwe kwa abiria wa leo tu.